Hakuna Mtu Katikati

Songo, Uvira
Jumapili, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Amandine,

Kwanza tulia. Nyumba iko, paa liko, Mama yuko. Asubuhi hii amekula muhogo na samaki wa ndagala, akalalamika kwamba chumvi haitoshi, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa. Ile picha uliyoiona Facebook, ya mlima ulioporomoka na mwanamke mzee anayetolewa kwenye matope, siyo ya Songo. Sijui ni ya wapi. Aliyeandika chini yake "Uvira, Songo, leo" sitaki kumjua, maana nikimjua nitafanya dhambi.

Mume wako Espoir amenipigia. Ameniambia ulianguka ukiwa bado umeshika simu, damu ikatoka, na dokteri amekuamuru ulale kitandani mpaka ujifungue. Amandine, mimba mbili zilizoharibika zimetosha. Hii ya tatu hatutaipoteza kwa sababu ya picha ya mwongo.

Basi msikilize kaka yako, mwenye secrétariat public, ofisi ya kuwachapia watu barua na fomu, ambaye kwa mara moja maishani anajua kitu usichokijua. Futa Facebook kwenye simu. Badala yake weka lecteur ya flux. Mimi naiita kisomaji. Unakiandikia tovuti unazozitaka: redio, kanisa letu la paroisse, na hii yangu ya habari za mtaa. Kisha chenyewe kinazipitia kila baada ya dakika chache, kinabisha hodi, na kikikuta habari mpya kinakuletea. Hazipangwi kwa kelele za watu, zinapangwa kwa saa tu. Mimi naandika huku, wewe unasoma huko Kalemie. Hakuna mtu katikati wa kuongeza chumvi.

Mama anangoja barua yako. Simu kwake imebaki kelele, hasikii neno. Ikifika kwenye simu yangu nitainakili kwenye daftari kwa herufi kubwa, kama kawaida, aisome mwenyewe kidogo kidogo.

Kaka yako,
Venant


Kalemie
Jumamosi, 20 Januari 2024

Yaya Venant,

Nimekiweka. Mchana mzima umekwisha, na nimekutukana mara tatu, lakini nimekiweka. Espoir yuko na lori kwenye barabara ya Moba, kwa hiyo hakuna aliyenisikia.

Sasa najua habari za Songo kuliko ninyi mnaolala huko. Najua bomba la maji limekatika na mashua imechelewa kufika Kalundu. Najua kwaya imebadilisha saa ya mazoezi, na kwamba hakuna aliyefurahi. Nafungua asubuhi kabla ya chai. Tangazo la kifo cha mzee Jean-Berchmans, yule fundi wa baiskeli, umeliandika vizuri mno. Umeandika kwamba hakuwahi kumrudisha bila msaada mtoto aliyepasukiwa na mpira wa baiskeli. Nimelia kwa ajili ya mtu ambaye mara ya mwisho alinifukuza kwenye kibanda chake.

Ni kweli ulivyosema, mambo yote ya mtaa yanapita mikononi mwako: vilio, ndoa, mpaka siku ya kuondoa matanga. Nikisoma kwako naamini. Tumbo limetulia tangu nilipoacha kuangalia yale mengine.

Mwambie Mama nalala kama gunia. Aniandikie.

Amandine


Songo, Uvira
Jumapili, 11 Februari 2024

Amandine mwana wangu,

Venant iko anaandika vile nasema. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Minye niko muzima. Magulu tu ndiyo inanisumbua, na kifua kidogo nikipanda mulima. Weye kaa mu kitanda. Usiseme eti utafua kidogo, utafagia kidogo. Ninakujua. Kidogo yako haiishake.

Maji ya ziwa imepanda, kule Kalundu iko inaingia mu manyumba ya watu. Sisi tuko juu, usiogope. Josée alileta muhogo ya shamba yetu ya Katogota. Iko michungu. Nilimwambia iko michungu, akakasirika, akasema basi dada yangu uende ulime mwenyewe. Minye sijali. Kitu ikiwa michungu ni michungu.

Mutoto akizaliwa, nitakuja na mashua. Venant anasema ziwa iko mubaya. Ziwa nilizaliwa naiona. Nitakaa kwako myezi mibili, nimuoshe kwa mikono yangu, halafu mutanirudisha.

Espoir akule vizuri. Yule mwanaume ni mwembamba sana, watu watasema humupikii.

Mama yako,
Léocadie


Kwenye kisomaji cha Amandine
Jumanne, 5 Machi 2024, saa 12 na dakika 20 asubuhi

TANGAZO LA KIFO. Familia ya marehemu Niyonzima wa Songo inasikitika kuwatangazia kifo cha mama yao mpenzi, Léocadie Niyonsaba, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwake, kwa moyo. Ameacha watoto wawili, Venant na Amandine, na mdogo wake Josée. Kilio kiko nyumbani, juu ya paroisse. Maziko yatafanyika kesho Katogota, kando ya mume wake. Alikuwa mtu wa kusema ukweli, na aliyeusikia hakuusahau. Venant.


Kalemie
Jumatano, 6 Machi 2024
(haikutumwa)

Yaya,

Nilisoma jana kabla ya chai. Nilisoma mpaka jina lako mwishoni, nikarudi juu nikasoma tena. Kisha nikaingia kwenye tovuti yenyewe, na tangazo halikuwepo. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikasema ni wale wale waongo, wameingia mpaka kwako.

Ndipo nikakupigia. Nikakuuliza Mama anaendeleaje, ukasema amelala. Nyuma yako wanawake walikuwa wanaimba. Nikakuuliza wanaimba nini asubuhi yote hii, ukasema ni kwaya. Kwaya haiimbi Jumanne asubuhi, Yaya. Saa za kwaya wewe ndiye unayeniletea.

Nimeelewa. Uliliandika, kisha mtu akakukumbusha habari zangu, ukalifuta. Ulidhani ukilifuta kwako limefutika na kwangu. Lakini kisomaji kilikuwa kimeshapita. Kikishachukua kitu hakirudishi. Tangazo liko hapa kwenye simu, chini ya mto.

Najua kwa nini umeficha. Kwetu mwenye mimba haambiwi msiba. Anangojewa ajifungue, halafu anatumwa mtu wa damu, anakaa kando yake, anamshika mikono, anamwambia. Papa alipokufa, Mama aliambiwa akiwa katikati ya wanawake wawili, na walimshika kabla hawajafungua mdomo. Ningekuwa wewe ningeficha vilevile. Nikisema kwamba najua, mama mdogo Josée atapanda mashua na upepo huu, Espoir ataacha kazi, na wewe utajilaumu mpaka uzeeni. Kwa hiyo sisemi.

Leo mmemzika. Nimelala ubavu kama dokteri alivyoniagiza, na nimelia bila kutikisika, kwa sababu ya mtoto. Sikujua mtu anaweza kulia hivyo. Jirani ameniletea uji, akaniambia nina macho mekundu, nikamwambia ni moshi.

Ninachotaka ni kimoja tu. Siku ya kuondoa matanga utaitangaza, kama unavyowatangazia wote, na mimi nitaiona. Huwa inangoja miezi. Mtoto atakuwa amezaliwa. Nitakuja naye, nitakaa mkekani na watu wa kwetu, nitalia kwa sauti kama watu wanavyolia. Nitavumilia mpaka siku hiyo.

Amandine


Songo, Uvira
Jumapili, 17 Machi 2024

Amandine mwana wangu,

Venant iko anaandika vile nasema.

Minye niko muzima. Magulu imepona. Kifua imepona. Weye pumzika vizuri, usiwe na mawazo. Mungu iko anakulinda. Josée alileta muhogo tena ya Katogota, na iko mitamu sana, nilimushukuru.

Usisumbuke kwa simu, masikio yangu unaijua. Barua inatosha.

Nakupenda sana mwana wangu.

Mama yako,
Léocadie


Kalemie
Jumapili, 24 Machi 2024

Mama,

Barua yako imefika, na ninafurahi kwamba safari hii muhogo ni mtamu. Mama mdogo Josée lazima alianguka kwa mshangao.

Mtoto anacheza sana jioni. Anapiga teke upande mmoja tu, wa kulia, kama mtu aliyekwisha kuamua. Dokteri anasema tumefika mahali ambapo zile mbili hazikufika.

Lakini Mama, umekuwa mpole mno siku hizi. Unaniambia unanipenda, mpaka naogopa. Nikaripie kidogo. Niko peke yangu hapa siku nzima na hakuna mtu wa kunikaripia. Yaya Venant, ukinakili hii kwenye daftari, sehemu hiyo uiandike kwa herufi kubwa zaidi.

Mtoto wako,
Amandine


Songo, Uvira
Jumapili, 7 Aprili 2024

Amandine,

Eti nikukaripie? Basi sikia. Nimeambiwa na Espoir ulisimama kupika sombe ya majani ya muhogo. Sombe gani hiyo ya kuua mutu? Wanawake ya Kalemie hawajui kutwanga? Weye tangu utoto ni hivyo, ukiambiwa kaa unasimama, ukiambiwa simama unakaa. Ulikataa kuzaliwa siku mbili nzima, na sasa unataka kunichokesha tena.

Lala. Minye sitaki kusikia neno ya sombe mpaka mutoto atoke.

Na hiyo muhogo, nilidanganya. Iko michungu.

Léocadie


Kalemie
Ijumaa, 12 Aprili 2024

Mama,

Nimecheka mpaka nimeogopa kwa ajili ya tumbo. Ni wewe kabisa. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne sikucheka.

Usiache kuniandikia. Hata kama umechoka, hata kama huna la kusema, mwambie Yaya aandike kwamba muhogo ni mchungu. Nalala, Mama. Sisimami tena.

Amandine


Kalemie
Jumatatu, 20 Mei 2024

Yaya Venant,

Mwezi huu Mama ameandika mara moja tu, mistari mitatu. Simlaumu. Nakuandikia wewe kwa jambo jingine.

Jumamosi tovuti yako haikuleta kitu. Tangu Januari haijakosa hata siku moja, hata siku ile ya mvua kubwa uliandika kwamba hakuna la kuandika. Nilifungua asubuhi, mchana, jioni. Ni umeme?

Halafu nimeona wiki iliyopita mmeondoa matanga ya mzee Jean-Berchmans. Kuna mengine yanayokuja mtaani kwetu, mwezi wa sita au wa saba? Nauliza tu. Mtu akiwa kitandani anapenda kujua watu wake wanafanya nini.

Bado wiki mbili au tatu. Miguu imevimba, sura imevimba, Espoir ananiita mama mkubwa wa mtaa.

Amandine


Songo, Uvira
Jumanne, 21 Mei 2024

Mdogo wangu,

Ndiyo, ni umeme. Jumamosi nzima hatukuwa nao, na betri ya secrétariat imezeeka kuliko mimi. Samahani kwa usumbufu.

Matanga mengine hayapo yanayokuja. Usifikirie mambo hayo sasa, fikiria mtoto. Mama mdogo Josée anataka kuja kwako mara tu utakapojifungua. Ameshafunga mzigo. Anasema kuna maneno anataka kukuambia ana kwa ana.

Mama anakusalimu.

Venant


Kalemie
Jumatano, 12 Juni 2024

Yaya Venant,

Espoir amekwisha kukupigia, kwa hiyo unajua ni msichana, unajua ni mzima, unajua alizaliwa Jumamosi saa nne asubuhi. Tumemwita Irambona. Ana nywele nyingi na hasira nyingi.

Sasa nikuambie jambo ambalo Espoir hajui. Mpaka jana usiku nilitaka kukungoja uanze wewe, lakini nimechoka, Yaya.

Mama alikufa tarehe tano Machi, alfajiri, kwa moyo. Mlimzika siku iliyofuata Katogota, kando ya Papa. Nilisoma tangazo lako saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ulipolifuta lilikuwa limeshafika. Tangu siku ile hamjanificha kitu hata kimoja, mimi ndiye niliyewaficha ninyi kwamba najua.

Usijilaumu. Ile picha ya uongo iliniangusha chini, na tangazo lako la kweli halikuniangusha. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu uliliandika vizuri. Na zile barua zake, Yaya, nilijua ni wewe tangu muhogo ulipokuwa mtamu, na nilizisubiri vilevile. Ile ya sombe nimeinakili kwenye karatasi, nikaifunga kwenye nguo za mtoto.

Mama mdogo Josée asije kuniambia. Afungue mzigo wake. Mimi ndiye nitakayekuja. Dokteri amesema nikitimiza siku arobaini naweza kusafiri. Miezi hii mitatu nimefungua kisomaji kila asubuhi nikitafuta tangazo la kuondoa matanga ya Mama, na halikutokea, nikamshukuru Mungu kwamba mmengoja. Pangeni siku yoyote ya mwezi wa nane. Sijalia bado, Yaya. Nimetoa machozi tu. Nataka kulia nikiwa na ninyi.

Amandine


Songo, Uvira
Ijumaa, 14 Juni 2024

Amandine,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini. Nilimwomba mteja atoke nje, nikafunga mlango.

Ilikuwa hivi. Mama alipotuacha, sikujua mikono yangu inafanya nini. Miaka sita nimewaandikia watu wote wa Songo matangazo yao, asubuhi na mapema, kabla kengele haijapigwa. Nilikaa nikaandika la Mama kama ninavyoandika la mtu yeyote. Mama mdogo Josée aliingia akauliza, "Na Amandine iko anasoma wapi?" Nilifuta pale pale. Dakika ishirini hazikufika. Nilikuwa na hakika. Mimi niliyekufundisha kile kitu sikujua kinafanyaje kazi.

Barua zako zote nimezinakili kwenye daftari lake, hata baada ya Machi. Kwa herufi kubwa. Sikuweza kuacha. Nikimaliza kunakili ndipo nilikuwa naweza kujibu kama yeye.

Sasa nina jambo la kukuambia, na ningekuwa na njia nyingine nisingeliandika. Matanga yameondolewa. Ni Jumamosi ile, tarehe kumi na nane Mei. Hakukuwa na tatizo la umeme.

Wazee walikaa wakasema mtoto wako asizaliwe katika nyumba yenye matanga. Walisema umekwisha kupoteza wawili, na kama kuna kitu cha kufunga tukifunge kabla hajaja. Nilisema tukungoje. Mama mdogo Josée alisema tukungoje. Wakatuuliza kama tuko tayari kujibu lolote likimpata mtoto, tukanyamaza. Mimi nilinyamaza, Amandine.

Na ili lisikufikie, sikuliandika popote. Tulipita nyumba kwa nyumba, kwa mdomo, tukawaomba watu wasiandike, wasipige picha. Siku yenyewe nilifunga tovuti kabisa, mtu asije akaweka neno. Watu walikuja wengi. Tulinyoa, tukabadilisha nguo, padri alisoma misa, tukala. Jina lako lilitajwa.

Niliogopa kile kisomaji kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nilifikiri nakulinda. Kumbe ndiyo habari moja uliyokuwa unaingoja.

Nisamehe.

Venant


Kalemie
Jumapili, 23 Juni 2024

Yaya,

Nimekaa na barua yako siku tisa. Mara ya kwanza nilitaka kukutukana. Nilianza, nikaandika ukurasa mzima, nikaufuta. Irambona alikuwa ananyonya, na sikutaka maziwa yaingie maneno yale.

Wazee waache. Mtoto ni mzima, na wao watasema ni kwa sababu yao. Mama mdogo Josée mwambie sina kinyongo. Wewe nilikwisha kukusamehe kabla hujaomba, lakini kusamehe hakujaondoa kitu. Ninyi mmemaliza kulia. Mmenyoa, mmebadilisha nguo, mmekula, mmerudi kazini. Mimi sijaanza. Nikija mwezi wa nane nitakuta nyumba ya watu waliopona, na mimi nitakuwa mgonjwa peke yangu.

Nitakuja hivyo hivyo. Espoir nimemwambia yote. Alichukua mtoto akatoka naye nje, na kwa mabega yake nilijua analia. Ameninunulia kitambaa cheusi sokoni. Nitakishona wiki hii na nitakivaa mashuani, ili nishuke Kalundu nikiwa nimevaa.

Usiandike siku ya kufika kwangu kwenye tovuti. Usilete watu bandarini, wala kwaya, wala maua kwa ajili ya mtoto. Mje wawili tu, wewe na mama mdogo Josée. Mumpe Espoir mtoto. Halafu mkae kando yangu, mmoja huku na mmoja huku, mnishike mikono, na wewe unaniambia kwamba Mama amekufa. Nimelisoma kwenye kisomaji na nimelisoma kwenye barua yako. Mpaka leo hakuna mtu aliyeniambia.

Amandine